Neno Walilosema Kuhusu Mguu wa Wachira

Matisi, Kitale
Jumapili, 3 Machi 2024

Mary Ann mwanangu,

Salamu nitakupa mwisho, karatasi ikibaki. Kwanza kaa chini.

Wachira ameumia. Yuko hai, anaongea, na leo mchana amekula, kwa hivyo usianze kulia hapo mbele ya masista. Jana alikuwa anamlimia mwajiri wake Kagwe lile shamba la mteremko upande wa kijiji cha Kwanza. Trekta ikateleza, ndugu yako akaruka, mguu wa kushoto ukabanwa kati ya gurudumu na ukingo wa mtaro. Kifundo kimetoka mahali pake. Nimekiona kwa macho yangu. Unyayo umeangalia kando, kama wa mtu mwingine aliowekewa yeye. Na kuna mahali mfupa umetoboa ngozi, si pakubwa.

Tuko hospitali moja hapa mjini. Wamemdunga sindano ya maumivu, wamemfunga bandeji, wakasema tungoje kwa sababu mtu wa dawa ya usingizi hayuko mpaka Jumanne.

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie. Leo asubuhi alipita daktari kijana na wanafunzi nyuma yake. Aliwaongelesha Kizungu, kirefu sana, akiwaonyesha mguu wa Wachira kwa kalamu. Mimi nilishika neno moja tu kwa sababu alilirudia: ridyus. Nikamuuliza, "Daktari, mtamfanya nini?" Akasema, "Ni kuridyus tu, mama, usiwe na wasiwasi. Utaweka sahihi, Jumanne tunaridyus." Halafu akaenda kitanda kingine. Nikamuuliza nesi. Akasema, si daktari ameshanieleza. Kitanda cha karibu kuna mwanamume wa Bungoma anaitwa Wakoli, mkono wake uko kwa plasta. Huyo ndiye aliyenijibu. Alisema polepole, kama anayetoa habari ya msiba, "Mama, lidyus ni kupunguza. Pole."

Mary Ann, unajua nilichofikiria. Baba yako walimpunguza. Kidole kwanza, wakasema ni ili sukari isipande. Halafu unyayo. Halafu goti. Kila mara niliweka sahihi, na kila mara nilirudi nyumbani na baba yako Gathii akiwa mdogo kuliko yule niliyempeleka, mpaka siku niliyorudi peke yangu.

Na Wachira ni mtu wa trekta. Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Ameniuliza, "Mama, wamesema nini?" Nikamwambia wamesema utapona.

Ningekupigia simu lakini najua mlizitoa mlipoingia unovisi kujifunza usista, na ile ya ofisi yenu nimepiga haishikwi. Barua hii nampa Rosaline. Kesho anashuka Chwele kununua ndizi, atapita kwenu getini na atangoja. Nijibu kitu kimoja tu. Hilo neno maana yake ni nini? Wewe ndiye ulikuwa mwalimu wa Kizungu.

Karatasi imeisha. Salamu basi.

Mama yako,
Waithera


Nyumba ya Wanovisi, Chwele
Jumatatu, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Rosaline yuko getini na pikapu inamngoja, kwa hivyo naandika nikiwa nimesimama, karatasi nimeiegemeza ukutani. Utasamehe mwandiko.

Leo nyumba nzima iko katika kimya cha mafungo. Mlezi wetu ameniruhusu nikujibu, lakini sina wa kumuuliza. Nakupa nilicho nacho kichwani.

Neno lenyewe ni reduce, na Wakoli amesema kweli, ni kupunguza. Darasani nilikuwa nawapa watoto mifano: kupunguza bei, kupunguza mwendo kwenye kona, kupunguza chumvi, kupunguza sauti ya redio. Kampuni ikifukuza wafanyakazi, ni hilo hilo. Mpishi akiacha mchuzi uchemke mpaka ubaki mzito, ni hilo. Hakimu akimpunguzia mfungwa miaka, ni hilo. Hata mtu akidharauliwa mpaka ajione si kitu, Waingereza wanatumia neno hilo hilo. Popote unapolikuta, kitu kilikuwa kikubwa kikawa kidogo.

Kwa mguu, sijui. Labda ni kupunguza uvimbe, na ninaomba iwe hivyo. Lakini kama ni kupunguza mguu wenyewe, usikubali, mama. Usiweke sahihi mpaka mtu akueleze kwa lugha unayoielewa. Mwendee tena yule daktari, mshike koti ikibidi.

Na mimi nimemkumbuka baba. Sikutaka kusema, lakini nimemkumbuka.

Mwambie Wachira ale, na asijifanye mgumu. Namwombea.

Binti yako,
Mary Ann


Matisi, Kitale
Jumapili, 17 Machi 2024

Mary Ann,

Barua yako ilifika vizuri. Asante.

Wachira alitoka hospitali. Mguu wake haukukatwa. Anapumzika.

Hapa mvua imeanza kutishatisha na watu wanakimbizana na mbegu. Yule kuku mweusi amelalia mayai. Mama wa kwaya ameuliza habari zako, nimemwambia unaendelea na sala.

Wachira anakusalimia. Angeandika mwenyewe lakini amelala sasa hivi. Usihangaike kuandika mara kwa mara, najua wakati wa Kwaresima mna kazi nyingi.

Mama yako,
Waithera


Nyumba ya Wanovisi, Chwele
Jumatatu, 25 Machi 2024

Mama mpendwa,

Niliposoma kwamba mguu haukukatwa nilikaa kwenye ngazi za jikoni nikalia, halafu nikacheka kwa sababu ya yule kuku mweusi. Uliyaandika yote mawili kwa sauti moja. Ni wewe kabisa.

Sasa nina kisa cha kuwachekesha. Wiki iliyopita nilikuwa nachambua mboga na Sista Jepkosgei, yule nesi anayesimamia zahanati yetu. Nikamsimulia ulivyoogopa, na barua niliyokuandikia nimesimama. Aliweka kisu chini akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Akasema, "Kumbe hamkujua? Kwa mifupa hilo neno si kupunguza. Ni kurudisha. Mfupa umetoka mahali pake, unauvuta, unaurudisha, unafunga plasta. Kazi ya dakika chache, mgonjwa amelala. Hakuna anayekatwa kitu." Akanishika kifundo, akanionyesha wanavyovuta.

Hebu fikiria, mama. Mimi mwalimu wa Kizungu nimekuorodheshea mchuzi na mahakimu, na ile maana moja uliyoihitaji ndiyo sikuijua. Sista anasema neno hilo limetoka Kilatini, na huko mwanzo lilikuwa na maana ya kurudisha kitu nyuma, kilipokuwa. Sisi tulikuja kulipokea likiwa limeshageuka.

Namshukuru Mungu ulimshika yule daktari koti. Kama ungetegemea barua yangu, sijui tungekuwa wapi leo.

Msomee Wachira hii. Mwambie akipanda trekta tena aninunulie soda kwa mateso niliyopata. Na Pasaka njema, ingawa natangulia siku chache.

Binti yako,
Mary Ann


Nyumba ya Wanovisi, Chwele
Jumatatu, 15 Aprili 2024

Mama,

Pasaka imepita na sijapata neno kutoka kwenu. Rosaline amekuja sokoni tena na tena bila barua. Leo nimeomba ruhusa nikaenda mwenyewe getini kumuuliza. Akasema, "Wako tu, Sista." Sijawahi kuwa Sista kwake, ananiita Mary Ann tangu nikiwa mtoto. Kisha akageuka akaanza kupanga mikungu ya ndizi iliyokuwa imeshapangwa.

Kama nilikosea kufanya mzaha, nisamehe. Kama kuna jambo lingine, niambie. Sitaanguka.

Mary Ann


Matisi, Kitale
Jumapili, 21 Aprili 2024

Niaje Mary Ann,

Ni mimi, Wachira. Nimengoja mama aende kanisani ndio niandike. Hajui.

Mguu haupo. Walikata chini ya goti, ile wiki kabla ya wiki ya Pasaka. Naanza na hiyo ndio nisikuzungushe.

Sasa nitakwambia vile ilienda. Barua yako ya kwanza Rosaline aliileta ile ile Jumatatu jioni. Mama aliisoma kando ya kitanda, midomo ikienda. Akamaliza, akaisoma tena. Halafu akaenda kumtafuta yule daktari, lakini alikuwa ameshaondoka. Akampata mwingine anaosha mikono, huyo akasema yeye si wa wodi yetu. Mama akarudi akaniambia, "Mary Ann amesema tusikubali." Nikamwambia, mama, si tungoje kesho tuulize vizuri. Akasema, "Baba yako pia tulingoja kesho." Na sitakudanganya, hata mimi niliogopa. Nilikuwa nafikiria klachi tu.

Tukatoka. Tuliambia nesi naenda kupunga hewa, na Kagwe akatungoja nje na pikapu yake. Alitupeleka kule juu mlimani kwa mzee Kiptum, yule anayefunga mifupa. Watu wanamsifu, na usimdharau. Alifungua bandeji, akaangalia, akainua macho kwa mama. "Mfupa naweza," akasema. "Hiki kidonda siwezi. Mrudishe hospitali." Mama akapiga magoti. Mary Ann, mimi sijawahi kuona mama akipigia magoti mtu. Mzee akamwinua, akamwambia, "Sawa, lakini nitafanya yangu, na kidonda kikigeuka unashuka naye."

Akanishika, akavuta mara moja. Nilisikia mfupa ukiingia, na unyayo ukaangalia mbele kama zamani. Mama akalia kwa furaha. Sasa hicho ndicho kitu walikuwa wanataka kufanya Jumanne, nikiwa nimelala.

Mfupa ulikaa vizuri. Kidonda ndicho kilichoharibika. Wakati mama alikuandikia ile barua ya kuku, nilikuwa kule juu kwa mzee bado, nina homa, sikuwa nimelala kwetu. Alishuka nyumbani kuchukua nguo, akaandika, akapanda tena. Halafu vidole vikaanza kuwa vyeusi. Mzee Kiptum mwenyewe ndiye alitafuta gari. Alimwambia mama, "Leo anashuka hata kama utanipiga." Tukaenda hospitali nyingine, sio ile ya kwanza. Huko walikuwa hawana la kufanya isipokuwa lile tulilokimbia.

Barua yako ya mzaha ilinikuta wodini. Mama hakuwa na miwani yake. Akasema, "Soma wewe, tufurahi kidogo." Nikaanza. Nilipofika kwa Sista na yale ya kurudisha nikanyamaza. Akasema, "Endelea." Nikaendelea mpaka pale pa koti. Akachukua barua, akaikunja vizuri, akaenda akaniletea chai.

Tangu siku hiyo hajalitaja. Anapika, anafua, ananifunga kidonda. Lakini anakula akiwa amesimama jikoni, na akiongea nami anaangalia ukuta. Kwaya ameacha. Kanisani anaenda anakaa nyuma karibu na mlango.

Sasa nakuomba kitu. Mwandikie useme yule Sista alikosea. Sema umeuliza daktari mkubwa, na amesema hilo neno linaweza kuwa kukata pia. Mguu wangu haurudi, hiyo nimekubali, ama nitakubali. Lakini mama anaisha nikimwona. Ni uongo mdogo, Mary Ann. Mungu wako ataelewa.

Nasikia geti.

Wachira


Nyumba ya Wanovisi, Chwele
Jumatatu, 29 Aprili 2024

Wachira ndugu yangu,

Nilijaribu. Nataka ujue kwamba nilijaribu.

Nilikaa kwenye chumba cha kufulia nikaandika, "Mama, Sista Jepkosgei alikosea." Nikaweka na jina la daktari ambaye hayuko popote duniani. Ilitoka vizuri mpaka nikajiogopa. Kisha nikaisoma kwa sauti, na nikaisikia kama mama angeisikia. Unakumbuka vile alivyokuwa akitushika uongo tukiwa wadogo, bila hata kugeuka kutoka kwenye sufuria? Angejua kabla ya kufika mstari wa pili. Halafu angebaki na lile alilonalo, na juu yake mimi nimemdanganya.

Na kuna jingine. Kidonda chako bado kinahitaji hospitali. Nikimwambia kwamba alikuwa sahihi kukimbia, siku nyingine daktari akisema neno asilolijua atakutoa tena. Hilo siwezi kulifanya.

Niliichana.

Sina la kusema juu ya klachi. Nimejaribu kuandika kitu hapa na kila nikiandika nakifuta. Nilikuwa nakusikia ukiimba ukirudi kutoka Kwanza kabla hujafika getini, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Ndiyo picha niliyo nayo, na sijui niiweke wapi sasa.

Barua ya pili iliyo ndani ni ya mama. Mpe wewe mwenyewe. Usimsomee, mtafutie miwani, ukae karibu akisoma.

Nimemwomba mlezi ruhusa ya kuja nyumbani na kukaa. Amenieleza kwamba nikikaa nje muda mrefu, mwaka huu wa unovisi hautahesabiwa, nitaanza upya au nisianze. Nimemwambia nimeelewa. Namngoja mama aseme.

Dada yako,
Mary Ann


Nyumba ya Wanovisi, Chwele
Jumatatu, 29 Aprili 2024

Mama,

Wachira ameniambia yote. Usimkasirikie, aliandika kwa sababu anakuogopea.

Sista Jepkosgei hakukosea. Neno lile ni kurudisha. Sitakuficha hilo, wala sitakuambia kwamba halikubadilisha kitu.

Lakini nisikilize. Ulimuuliza daktari, akapita. Ukamuuliza nesi, akakurudisha kwa daktari. Ukamuuliza Wakoli, akakujibu kwa upole alichokijua. Ukaniuliza mimi, nikakujibu kwa ufundi mwingi kitu ambacho sikukijua, na ndani yake nikaandika "usikubali". Hilo neno ni mwandiko wangu. Sista alikuwa nyumba ile ile niliyomo, mlango wa pili kutoka ukuta nilioegemeza karatasi. Ningeweza kuvunja kimya nikamgongea. Niliogopa kuvunja kimya.

Mtu akiuliza watu wote hao na bado asieleweshwe, kosa si lake. Si lako, mama. Tafadhali kaa chini ukila.

Ukitaka nije, nitumie salamu tu kwa Rosaline, nitakuwa kwenye gari siku hiyo hiyo. Nadhiri zinaweza kungoja, na zisipongoja ni sawa.

Nakupenda,
Mary Ann


Matisi, Kitale
Jumapili, 16 Juni 2024

Mary Ann mwanangu,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa naanza, naacha.

Kwanza nikuambie kitu ambacho hata Wachira hakukijua mpaka juzi. Barua yako ya mzaha haikunifunza chochote. Nilikuwa nimeshajua. Kule hospitali ya pili, kabla ya kumkata, daktari wa kike aliniketisha kwenye kiti chake yeye mwenyewe, akasimama, akanieleza kila kitu kwa Kiswahili. Akaniuliza kwa nini tulitoka ile ya kwanza. Nikamwambia walitaka kuridyus mguu. Nikaona anatafuta vile atanieleza bila kuniua. Akanieleza. Halafu akanipa karatasi niweke sahihi, nikaweka.

Kwa hivyo Wachira aliposoma mzaha wako na kunyamaza, nilimwambia endelea ili asijue kwamba mimi tayari ninajua. Nilitaka adhani ni habari mpya kwangu na kwake, na kwamba imenipita tu. Yeye naye akafikiri barua ndiyo imeniumiza. Mimi namficha yeye, yeye ananificha mimi, na sote tunakuficha wewe kwa sababu ni mwandiko wako. Nilimkataza Rosaline asikuambie kitu. Sikutaka ukae huko ukipiga magoti na mguu wa ndugu yako kichwani.

Sasa umejua, basi.

Umeniandikia kwamba kosa si langu. Najua umefanya hivyo kwa wema. Lakini usinipunguzie, Mary Ann. Ni mimi nilimshika mkono nikamtoa kitandani. Mzee Kiptum aliniambia mrudishe, nikakataa kwa magoti. Niache nibebe, ninajua uzito wake na ninajua namna ya kutembea nao. Wewe chukua ule wako, ambao ni mdogo, wa mlango ambao hukuugonga. Usichukue na wangu ukauongeza juu yake. Na yule daktari kijana naye ana wake. Sijui kama anajua.

Usije. Hili nimelifikiria sana. Maliza huko ulikoanza. Nimeshamwondoa mtoto mmoja mahali alipopaswa kulala, sitamwondoa wa pili. Siku ya nadhiri tutakuja, mimi na Wachira, tutakaa mbele.

Unauliza yeye anaendeleaje. Siku nyingine vizuri, siku nyingine haongei na mtu. Mwezi uliopita Kagwe alikuja kumchukua wakaenda Kwanza. Nilifuata kwa sababu moyo ulikataa kubaki. Wachira aliweka magongo chini, akajivuta kwa mikono mpaka kwenye kiti cha trekta. Akakaa. Akashika gia. Kagwe akamwambia, "Washa tu, usikie." Hakuwasha. Alikaa pale akiangalia lile shamba lililokuwa limeshaota mahindi, halafu akasema, "Nishusheni." Njia yote ya kurudi alikuwa ameangalia nje. Sasa Kagwe amempa kazi ya kurekebisha injini, anaifanya akiwa ameketi. Mikono yake ni mizuri, hiyo unaijua. Lakini sijamsikia akiimba.

Nakula nikiwa nimekaa. Wachira amenitengenezea kiti jikoni, amekigonga mwenyewe, na kimeinama upande mmoja. Nakikalia hivyo hivyo.

Alhamisi tulienda kupimiwa mguu wa bandia. Mwanamume aliyempima alikuwa na adabu. Akapima, akaandika, akamwambia mwenzake kitu kwa Kizungu. Nikasema, "Rudia kwa Kiswahili." Akatabasamu. "Ni mambo ya kazi tu, mama." Nikamwambia, "Ni mguu wa mtoto wangu. Rudia." Wachira aliinamisha kichwa kwa aibu. Yule akarudia. Akasema kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, bado kimevimba, kifungwe bandeji ya kubana kila siku mpaka kitulie, kisha arudi, la sivyo mguu utakaotengenezwa hautamtosha. Nikamwambia, "Sasa nitakuambia vile nimeelewa, na wewe unisahihishe." Nikasema yote. Akanisahihisha mahali pamoja, pa namna ya kufunga. Nikasema tena mpaka akakubali. Nilipogeuka Wachira alikuwa ameinua kichwa, ananiangalia usoni.

Watu kwenye foleni walikuwa wamesikia, mlango ulikuwa wazi. Tulipotoka mwanamke mmoja akanishika kitenge. Jina lake Nyaruai, anatoka upande wa Kwanza, na alikuwa na ile picha kubwa nyeusi ya mifupa, ya mgongo wa mume wake aliyeanguka kutoka paa la ghala. Alikuwa ameizungusha kutoka chumba hiki mpaka kile tangu asubuhi. Akaniambia, "Mama, niulizie na mimi."

Nikamwambia Wachira angoje kwenye benchi, nikaingia na Nyaruai. Daktari alishika picha akainua kwenye mwanga, akaanza Kizungu. Nikasema, "Hapana, mwambie huyu." Akatuangalia, akaweka picha chini, akavuta kiti, akaanza upya polepole. Habari ilikuwa mbaya. Yule mume hatasimama tena. Nyaruai alilia pale pale na mimi nikamshikia mkoba. Alipotulia akamuuliza daktari namna ya kumgeuza kitandani ili asipate vidonda, na daktari akamwonyesha kwa mikono. Tulipotoka nje nilimuuliza kama kuna kitu kingine anataka turudi tuulize. Akafikiri, akasema hakuna, ameelewa. Akakunja kitenge chake vizuri akaenda kumwambia mume wake.

Mama yako,
Waithera